Dawa ya Ini Ndani ya Friji ya Baa

Ninyi wauguzi wa siku hizi mna bahati, na kwa kuwa hamjui kama mnayo, inanibidi mimi niwaambie. Juzi mmoja wenu, msichana mwerevu anayefanya kazi hapa Kakamega mjini, alinipigia simu kulalamika. Ana mgonjwa wa homa ya ini, ile aina ya C inayokaa mwilini kimya miaka mingi huku ikiharibu ini. Dawa ipo. Ni vidonge, unavimeza kwa miezi michache ukiwa kwako unatazama televisheni, na virusi vinakwisha. Mgonjwa amekataa.

"Ni ujinga tu, Sista Jerida," akaniambia. "Mtu anapewa uzima, anakataa."

Nikamjibu kwamba nimestaafu mimi, masikio hayajastaafu. Neno ujinga nimelisikia likibandikwa watu wengi, na mara nyingi gundi ilikuwa mikononi mwa aliyebandika. Kisha nikamsimulia habari za Mzee Habil. Alicheka, kisha akasema niiandike. Basi naandika. Mjane wake ameniruhusu. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa langu, kwa sababu langu lilishaharibika zamani, kama mtakavyoona.

Miaka ya tisini nilikuwa kwenye kituo cha afya upande wa Shinyalu. Kituo kilikuwa na mizani, kitanda cha kuzalishia, friji ya chanjo na Bwana Makokha. Bwana Makokha alikuwa klinikal ofisa, mkubwa wangu na mwalimu wangu, na alijua magonjwa matatu: malaria, taifodi na "hiyo ni ya Nairobi". Msimcheke sana. Ndiye aliyenifundisha jambo ambalo chuoni hawakunifundisha: mgonjwa akiogopa sindano usimbembeleze, mchokoze. Muulize habari za jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Akianza kuwaka, dunga. Mtu mwenye hasira hasikii sindano. Mbinu hiyo nimeitumia maisha yangu yote ya kazi na nawaachia ninyi kama urithi, maana pensheni haitoshi kugawana.

Mzee Habil alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na sijui ni kazi ipi kati ya hizo aliyoifanya kwa nguvu zaidi. Pombe hakuwa ameionja tangu azaliwe, na hakupenda mwingine aionje. Jumamosi alasiri aliongoza waumini mpaka sokoni, wakasimama mbele ya baa ya Mama Fanisi, wakaimba ili walevi waone aibu. Walevi hawakuona aibu. Walitoka nje kusikiliza, kwa kuwa sauti ya Habil ilikuwa nzuri kweli, na waliporudi ndani walikuwa na kiu. Mama Fanisi aliniambia hakuna siku aliyouza vizuri kama Jumamosi. Mimi nilipanga chumba kwenye ploti hiyohiyo, nyuma ya baa, kwa hiyo niliimbiwa bure.

Huyu Habil alikuwa na ndugu yake mdogo, Jotham, mfanyabiashara wa Nairobi. Jotham alipotakiwa kupasuliwa, Habil alipanda basi kwenda kumtolea damu. Damu yake ikakataliwa. Wakampima zaidi, wakamtoboa ubavuni na kuchukua kipande kidogo cha ini, wakamwambia ana homa ya ini aina ya C na ini limeanza kupata makovu. Huenda aliipata kwenye damu aliyoongezewa ujanani, trekta la miwa lilipopinduka naye. Alirudi na maneno hayo, akaja kituoni.

"Mulembe, Sista," akanisalimu. "Nairobi wanasema niko na C."

Bwana Makokha alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. "C si mbaya," akasema. "Ingekuwa A ndiyo ningeshtuka." Nilipomweleza vizuri, akasema hiyo ni ya Nairobi. Nikamwambia mgonjwa ametoka Nairobi jana. "Basi arudi," akasema, akamwita anayefuata.

Daktari bingwa alikuwa amempa Habil njia mbili. Ya kwanza ni kukaa hivyo hivyo, kuepuka pombe na kupimwa mara kwa mara. Huenda ini lingevumilia miaka mingi bila kelele, huenda lingemgeuka mapema. Ya pili ni sindano za interferoni, tatu kila wiki kwa miezi sita. Bei yake ilitisha, lakini Jotham alisema ataibeba yeye, na kwa kuwa ataibeba yeye, alidhani pia ataamua yeye. Alikuja na gari lake mpaka nyumbani kwa Habil, akaketi, akaanza kupanga tarehe. Niliitwa kuieleza dawa. Mama Ayub, mke wa Habil, alileta chai kisha akaketi karibu na mlango.

"Sista, nieleze pole pole," Habil akasema. "Sasa hivi mi siumwi."

"Huumwi, Mzee."

"Na nikidungwa?"

"Utaumwa. Homa, kutetemeka, mwili kukataa kazi, chakula kukosa ladha. Nywele zinaweza kupungua. Wengine huingiwa na huzuni mpaka wanalia bila sababu."

"Halafu nipone."

"Labda. Daktari amesema wengi hawaponi."

Akamtazama mkewe, kisha akanigeukia. "Na hii kazi yenu mnaisomeanga miaka mingapi?"

Kazi yetu ina siku kama hizo: mtu anakuja mzima, unampa ugonjwa mkononi, unaandika kwamba umemtibu. Msimdharau mgonjwa anayesita. Anayesita amesikiliza.

"Habil, wacha mchezo," Jotham akasema. "Unaanza Jumatatu."

Mama Ayub hakuinua hata sauti. "Shemeji, hilo ini ni la nani?"

Jotham akarudi kwenye chai yake. Habil akasema kwamba binamu yake Elam alikufa kwa ini, tumbo limejaa maji, macho ya manjano, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha. "Mi sitaki kuogeshwa vile," akasema. "Nitadungwa. Lakini mtu asijue. Si kanisa, si wakwe, si watoto."

Nikamwambia ugonjwa huo si wa aibu. Akaniuliza kama nilikuwepo kwenye mazishi ya Petero. Nilikuwepo. Petero alikuwa jirani yetu, akakonda, ikasemekana ana ugonjwa wa damu, na miaka ile ugonjwa wa damu ulikuwa na jina moja tu: ukimwi. Hakuna aliyehitaji cheti. Jeneza lilipitishwa moja kwa moja mpaka kaburini, kaburi alilichimba Habil na ndugu za marehemu, na baada ya hapo watu wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Obusuma, ugali wetu, ulipikwa, nyama ikapikwa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Chakula kilipoa, mbwa wakashiba. Ninyi wa hapa mnajua maana ya kuondoka matangani bila kula: ni kuikataa nyumba nzima.

"Mi nimekulanga kwa kila boma hapa," Habil akasema. "Sitaki siku yangu chakula kibaki."

Basi tukawa na siri, na siri hiyo ilihitaji baridi.

Interferoni haipendi joto. Nyumbani kwa Habil hakukuwa na stima. Friji ya kituo ilikuwa ya chanjo, na msimamizi wa chanjo wa wilaya alikuwa akiifungua kwa ghafla ili amkamate muuguzi aliyeweka soda. Alikuwa na haki. Wekeni chanjo peke yake. Lakini soko zima lilibaki na friji moja nyingine, ile ya mafuta ya taa ya Mama Fanisi. Na kwa rehema ya pekee, wazee wa Shinyalu walikuwa wakinywa bia moto, wakisema ya baridi inaharibu kifua, kwa hiyo friji ilikaa karibu tupu.

Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kubembeleza. Nilianza mbali, nikazungukazunguka, mwishowe nikasema ni dawa ya Habil. Mama Fanisi alikuwa anapanga chupa.

"Yule wa kuniimbianga?"

"Huyo."

"Mgonjwa ni mgonjwa, Sista. Weka dawa." Akasogeza chupa, akanipa rafu nzima ya juu. Walevi walipouliza, aliwaambia ni dawa ya ingokho, yaani kuku, ya kuzuia kideri. Hilo likaleta taabu nyingine, maana mzee mmoja wa Buyangu aliyekuwa na kuku wengi alimsumbua mwezi mzima akitaka kuuziwa kidogo.

Mtauliza kwa nini sikubeba dawa kwenye chupa ya barafu nikamdunge nyumbani. Sista akija kwako mara moja, watu wanasema una malaria. Akija mara tatu kwa wiki, wanaanza kuulizana mbao za jeneza zimefika bei gani. Kituoni napo foleni ilikuwa na macho. Nikamwambia aje chumbani kwangu. Alishtuka mpaka akavua kofia. Mzee wa kanisa aingie chumba cha mwanamke ambaye hajaolewa? Haiwezekani. Ila stoo ya baa, kwa mlango wa nyuma, aliona inawezekana. Uchaji Mungu ndio uliotuingiza baa, na sijui nani mwingine anaweza kusema hivyo.

Tulikutana hapo jioni, kabla baa haijachangamka. Sikilizeni sasa, hii ndiyo kazi. Dawa ilikuwa unga ndani ya kichupa. Unaingiza maji yake taratibu, yateremke ukutani mwa kichupa, na hutikisi, unazungusha tu kati ya viganja. Ukitikisa inatoa povu, na umeharibu kitu ambacho Jotham amekiuzia shamba. Unampa panadol mapema. Unadunga chini ya ngozi, pajani, leo kulia kesho kutwa kushoto. Na unamchokoza. Nilimuuliza Habil kwa nini kwaya ya kanisa jirani inaimba vizuri kuliko yake. Hakuwahi kusikia hata sindano moja.

Yaliyofuata sindano aliyasikia yote. Alitetemeka, akatapika, akakonda. Nywele zikabaki kwenye kofia. Siku moja nilimkuta kwenye karakana yake akipiga randa ubao wa mlango huku machozi yanatiririka, na alipoulizwa akasema ubao ni mzuri. Mama Ayub alisema siku nyingine analala ameelekea ukutani, hataki kuongeleshwa. Ilipofika mwezi wa tatu aliniambia amechoka, anataka kuacha.

Wiki hiyohiyo Jotham alileta majibu ya damu aliyokuwa amepeleka Nairobi. Vipimo vya ini vilikuwa vimeshuka mpaka kawaida. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Daktari alituma neno kwamba akiacha sasa, amevumilia yote yale kwa bure.

Na wiki hiyohiyo, kwa kuwa mambo hupenda kuja pamoja, Mzee Nathan alitukamata. Nathan alikuwa mzee mwenzake wa kanisa, mtu mwenye pua ndefu kwa maana zote mbili, ya usoni na ya kunusa mambo ya watu. Alikuwa amesikia kwamba Habil anaonekana nyuma ya baa, akaja na mama wawili wa kanisa wawe mashahidi, wakasukuma mlango wa stoo. Walimkuta Habil amesimama, suruali iko magotini. Walinikuta mimi nimepiga magoti mbele yake. Sindano nilikuwa nimeshaitia mfukoni kabla mlango haujafunguka wote, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni siri, na kwa hiyo hawakuona kitu chochote ambacho kingetusaidia.

Mama Fanisi, aliyekuwa akiingia na kreti, akawauliza wageni kama watakunywa moto au baridi.

Nathan akasema Habil atajieleza Jumapili mbele ya kanisa.

Siku ya sindano iliyofuata Habil alikuja na mkewe. Tulikaa stoo watu watatu juu ya makreti. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia aseme ukweli tu, nami nitasimama naye, nitaeleza kanisa zima kwamba hii si ukimwi, ni ini.

"Utaeleza, Sista," akasema. "Utawachorea ini kwa ubao. Watasema asante, na wakifika nje watasema ni damu."

"Basi ni nini? Uache dawa?"

"Ukiacha," Mama Ayub akasema, "ni mimi nitakuogesha kama ulivyomwogesha Elam. Mi sikatai. Lakini ujue ni mimi."

Habil aliinamisha kichwa. Alikuwa mwembamba, kofia imelegea kichwani. Nilimwonea huruma mpaka nikashikwa na hasira, nikiwaza kwamba mtu mwema kama huyu anahitaji kujificha na chupa za bia ili apone. Kisha akainua uso.

"Mama Ayub, mlevi hufanywanga nini kwetu?"

"Si ni wewe uliyeweka hiyo sheria? Anasimama mbele anatubu. Anakaa benchi la nyuma miezi sita. Halafu anarudishwa."

"Na watu wanakulanga kwake?"

"Wanakula. Wanakuja kumwombea, wanakula mpaka kuku wanaisha."

"Na mgonjwa wa damu? Yeye anatubu nini ndio wamrudishe?"

Akafungua mshipi. "Dunga, Sista." Siku hiyo sikuhitaji kumchokoza.

Jumapili nilikwenda kanisani kwao, nikaketi nyuma kabisa. Habil alisimama mbele. Sasa mwelewe, yule mtu hakuwa anasema uongo, na hata siku hiyo hakusema. Alisema, "Nimekuwa nikiingia baa ya Mama Fanisi kwa mlango wa nyuma, mara tatu kwa wiki. Nikitoka huko ninatetemeka, na usiku ninatapika. Ndugu zangu, mniombee."

"Na mwili umekuishia, tunaona," Nathan akasema.

"Umeniishia."

"Na nywele."

"Na nywele."

Kanisa likalia. Kuhusu mimi, Nathan alisema tu kwamba kuna watu ambao Serikali inawalipa waponye, nao wanaangusha. Kuanzia siku hiyo nikawa muuguzi wa baa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akinipelekea salamu, salamu zikakoma. Niliumia, sitawadanganya. Ningeweza kujisafisha kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikuwa yangu.

Kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko mpango wowote ambao hospitali ingebuni. Habil akitetemeka njiani, watu walisema pombe inamtoka. Akilia kanisani, walisema ni toba. Akishindwa kufanya kazi, waumini walikuja kumlimia mahindi, na Mama Ayub akapikia kundi baada ya kundi huku akipewa pole kwa kuolewa na mlevi. Aliipokea kila pole na kusema asante. Jumamosi waimbaji walimgeukia Mama Fanisi kwa hasira mpya, wakimwita mharibifu wa wazee wa kanisa. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema biashara haijawahi kuwa nzuri hivyo, na rafu ya juu akaendelea kuifuta kwa kitambaa safi.

Sindano zikaisha. Vipimo vikabaki vizuri, na mwaka uliofuata Nairobi walimpima wakasema virusi havionekani. Alikuwa mmoja wa wale wachache. Ilikuwa furaha kubwa, na tuliisherehekea watu wanne, stoo, kwa soda ya baridi. Kanisa nalo lilikuwa limemfanyia sherehe yake, ya mlevi aliyeokoka, na kuanzia hapo akawa anaitwa mpaka Mumias kutoa ushuhuda kwa vijana. Mmoja aliwahi kumuuliza alipenda kinywaji gani. Akasema cha kwake kilikuwa lazima kiwe baridi.

Habil alituacha mwaka uliopita, mzee kabisa, kwa ugonjwa wa moyo. Nilikwenda kuzika. Mama Fanisi alikaa kando yangu, mvi kichwa kizima. Nathan, ambaye bado yuko na bado ana ile pua, alieleza kwa kirefu jinsi yeye mwenyewe alivyomtoa marehemu kwenye chupa. Ndipo Mama Ayub akaomba kusema. Habil alikuwa amemwachia ruhusa kabla hajafa.

"Baba Ayub hakuwahi kuonja pombe," akasema. "Alikuwa mgonjwa wa ini. Dawa yake ilikuwa inakaa kwa friji ya Mama Fanisi, na Sista Jerida ndiye alikuwa anamdunga. Alidungwa akapona. Aliogopa ninyi kuliko ugonjwa."

Nilidhani hatimaye ukweli umefika. Kisha Nathan akatikisa kichwa kwa upendo mwingi, akashika kipaza sauti. "Mnaona mke mwema?" akasema. "Hata leo anamfichia." Watu wakapiga makofi.

Niliinuka kusema. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba huyo ndiye yule sista wa baa. Nilikuwa bado nimesimama, mdomo wazi, Mama Ayub aliponifikia akanishika mkono.

"Wacha, Sista," akasema. "Hebu angalia kule."

Nikaangalia. Walikuwa wamefungua sufuria, na foleni ya watu wenye sahani ilikuwa imepita karakana, ikapita lango, ikafika barabarani.